Folda la Somo

Simu ya Linus, fundi wa kompyuta, iliingia Swaumu akiwa anafagia baraza la kituo cha walimu Ruangwa, na mwanzoni ilikuwa simu ya furaha tupu.

"Dada Swaumu, kitu kimekubali!" Linus alikuwa Nachingwea, lakini alipiga kelele kana kwamba anataka asikike Ruangwa bila msaada wa simu. "Ile programu nzito ya seva ilikuwa inakikaba kisanduku, nimeing'oa. Nimeweka nyepesi, ndogo kabisa, haili kumbukumbu wala betri. Kompyuta zote za ukumbini sasa hivi zinakiona kisanduku!"

"Hongera, kaka," Swaumu alisema, fagio likiwa kwapani.

"Subiri, sijamaliza. Kwenye faili la mipangilio kuna mstari wa kuiambia seva iwaonyeshe watu folda gani. Nimeielekeza kwenye lile la kwako, la somo. Nimekuta sauti zimejaa mle, kazi nzuri sana. Ila hukutengeneza ukurasa wa mbele, kwa hiyo nimeiruhusu itoe orodha yenyewe. Mtu akifungua anaona majina ya mafaili yote, anabonyeza, anasikiliza. Mimi bado sijasikia hata moja, spika zinakuja na wageni. Na wageni wenyewe wako njia..."

Simu ikakatika. Mtandao wa miaka ile ulikuwa na tabia zake, ulikuja ukipenda na kuondoka bila kuaga.

Fagio lilianguka. Swaumu alilisikia likianguka na hakuinama kuliokota. Linus alikuwa amekosea folda. Masomo ya Kiingereza ya kusikiliza, yale ambayo wao wawili waliyarekodi kwa ajili ya walimu wa shule za msingi, yalikuwa kwenye folda lililoitwa masomo. Folda la somo lilikuwa la Swaumu mwenyewe, na ndani yake hamkuwa na Kiingereza hata neno moja. Mlikuwa na sauti ya Bi Mwamini akiimba nyimbo za unyago, tangu ile ya kuingia mpaka ile ya kutoka, nyimbo zisizosikiwa na mwanaume yeyote wala msichana ambaye hajachezwa, yaani hajapitia unyago. Na wageni walikuwa njiani na spika zao.

Mtu aliyejifunzia Kiswahili vitabuni tu atakuambia kwamba somo ni kile anachoandika mwalimu ubaoni. Ni kweli, nami sibishani naye. Lakini mwanamke wa huku kwetu akisema "somo wangu" hazungumzii ubao wala chaki. Anamzungumzia mwanamke aliyemshika mkono siku alipochezwa, akamfunda, akamfundisha kukaa na kunyamaza, na ambaye atamheshimu mpaka mmoja wao aingie kaburini. Bi Mwamini wa Mbekenyera ndiye aliyekuwa somo wa Swaumu. Siku ile ya kuhifadhi zile sauti Swaumu aliandika neno la kwanza lililomjia moyoni, akabonyeza, akaenda zake kula. Linus naye aliona neno "somo" na kichwani mwake likaja la ubaoni. Angejuaje?

Tatizo lilianza mwanzoni mwa mwaka huo, mwaka 2007, pale Bi Mwamini alipoanza kukaukiwa na sauti. Koo lilikuwa linaziba taratibu, na dawa za hospitali na za mizizi zote zilishindwa. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza ngoma ya wasichana Mbekenyera, na wanawake waliojua nyimbo zote kama yeye walikuwa wamekwisha kufa. Siku moja alimwita Swaumu, akamkalisha nyuma ya nyumba.

"Nasikia huko kazini kwenu mna kidude kinachokamata sauti," alisema. "Kinakamata na ya mtu mwenye koo bovu?"

"Kinakamata, somo."

"Basi kilete. Lakini nisikilize. Asisikie mwanaume. Asisikie mtoto ambaye hajachezwa. Ikitoka hii, Swaumu, mimi na wewe basi. Hutashika mkono wa mwali tena, wa mdogo wako wala wa mtu mwingine yeyote."

Swaumu aliapa. Mdogo wake, Mwamini, aliyerithi jina la huyo huyo bibi, alikuwa achezwe Desemba shule zikifungwa, na Swaumu ndiye aliyeteuliwa kumshika mkono. Hakuna heshima aliyoitamani kuliko hiyo. Akarekodi kwa siku kadhaa, mlango umefungwa, Bi Mwamini akiimba na kukohoa na kuimba tena.

Shida ikawa mahali pa kuzificha sauti hizo. Kompyuta ya ofisini iliguswa na kila mtu, walimu kwa wanafunzi. Ndipo akakikumbuka kisanduku. Kilikuwa kimeletwa na wafadhili, cha kijivu, kikubwa kama tofali, hakina skrini, hakina kibodi, hakina hata feni. Kilikula umeme kidogo wa sola, na kazi yake ilikuwa moja tu, kutunza masomo na kuyagawa kwa kompyuta nyingine kwa waya, bila intaneti, maana intaneti yenyewe haikuwapo. Wakati huo kilikuwa kimekaa kabatini kikisubiri Linus apate nafasi ya kukitengeneza. Swaumu akajiambia kwamba kitu kisicho na uso hakiwezi kumwonyesha mtu chochote. Alikosea, tena vibaya. Kilikuwa kimetengenezwa kwa ajili ya kuonyesha. Na juzi Linus alikibeba mpaka Nachingwea kwa uzinduzi mbele ya walimu na wageni, naye akaamini folda lake halitaguswa.

Sasa alikuwa anabonyeza simu haraka haraka. Alipiga, haikuingia. Alipanda juu ya matofali yaliyokuwa kando ya ukuta, mahali ambapo mtandao ulipatikana kidogo, akapiga tena. Linus akapokea.

"Linus, usilifungue lile folda!"

"Kwa nini? Limeharibika?"

"Lina... lina makosa."

"Basi ngoja niangalie nirekebishe sasa hivi."

"Usiangalie!"

Linus akacheka. "Dada, umeweka nini humo? Sauti ya mchumba?"

Swaumu aliikaza simu sikioni. Amwambie nini? Kusema tu kwamba nyimbo zile zipo mle, kumwambia mwanaume, tayari ni kuvunja kiapo. Na mwanaume ukimwambia asifungue kitu bila kumpa sababu, umeshamfungulia nusu. Alisikia watu wakimwita Linus kwa nyuma, magari yakiunguruma, mtu akisema simu zote zizimwe. Kisha akasikia mlio wa kukatika.

Hapo tu, simu ikiwa imeshakufa sikioni, ndipo lilipomjia la kusema. Badilisha ule mstari, andika masomo. Basi. Hakukuwa na haja ya kueleza kitu kingine chochote. Alipiga tena na tena, na kila mara sauti ya yule dada wa kwenye mashine ilimwambia kwamba namba anayopiga haipatikani. Swaumu alilia kwa hasira, akiwa bado amesimama juu ya matofali. Hofu ndivyo inavyofanya, inakupa akili ikishakunyang'anya nafasi ya kuitumia.

Gari la Nachingwea lilikuwa limeshaondoka asubuhi. Kwa bahati Harithi, bwana shamba, alikuwa anapita na pikipiki yake ya serikali, na begi la karatasi za ukulima kifuani. Swaumu alimsimamisha kwa kusimama katikati ya njia.

"Unakwenda Nachingwea, kaka Harithi?"

"Nakwenda. Kuna msiba?"

"Uko njiani," Swaumu alisema, akapanda kabla hajakaribishwa.

Harithi alikuwa mtu mwema, na siku hiyo wema wake ulikuwa mateso. Ilikuwa mwezi wa saba, wakati wa kupuliza mikorosho, na kila alipoona mtu shambani akiwa na bomba la salfa mgongoni alisimama. Aliuliza kama bomba linafanya kazi. Aliuliza kama ugonjwa wa ubwiriunga umepungua. Alimweleza mzee mmoja jinsi ya kupuliza alfajiri wakati upepo umetulia, na mzee akamjibu kwamba hayo anayajua tangu Harithi hajazaliwa, nao wakacheka pamoja kwa raha zao. Swaumu alikuwa nyuma, ameshika chuma cha kiti.

"Kaka, twende. Nakuomba kwa Mungu, twende."

Harithi aligeuka akamtazama, na kile alichokiona usoni mwake kikamnyamazisha. Hakusimama tena. Vumbi jekundu liliwaingia machoni na puani, na Swaumu hakulijali. Kichwani alikuwa anaiona picha moja tu, spika mbili kubwa za sherehe, zile zinazosikika mpaka sokoni, zikitoa sauti ya Bi Mwamini iliyokwaruza. Alijua wimbo wa kwanza unaanzaje. Alijua pale bibi alipokohoa katikati. Wanaume wangecheka, kwa sababu wasioelewa hucheka. Na kabla ya jua kuzama habari ingekuwa imefika Mbekenyera, maana habari za aibu hazijawahi kukosa usafiri.

Na mdogo wake? Mtoto angeambiwa somo wako huyu hapa, yule aliyeviuza vya wanawake kwa spika. Nani angempa mkono wake?

Walifika Nachingwea. Jenereta lilisikika kabla jengo halijaonekana. Nje ya ukumbi palikuwa na magari mawili ya wageni, wanawake wa mapishi wanapakua pilau, turubai limefungwa mlangoni. Swaumu aliruka pikipiki haijasimama vizuri, akaanguka kwa goti, akainuka. Alisikiliza. Hapakuwa na muziki. Palikuwa na sauti ya mwanaume kwenye kipaza sauti, akizungumza taratibu na kwa uchangamfu.

Akaingia.

Ukumbi ulikuwa umejaa walimu, wengine wametoka mbali, Ruponda na kwingineko. Mbele, shuka jeupe lilikuwa limetundikwa ukutani, na projekta ilikuwa inamulika juu yake. Pale kwenye shuka, kwa herufi za bluu kubwa kama mkono wa mtu, ilikuwa orodha yake. Swaumu alikuwa ameyapa mafaili majina kwa neno la kwanza la kila wimbo, kwa Kimwera, ili asichanganye. Usiniulize maneno yenyewe yalikuwa yapi, sitakuambia. Ila pale yalikuwa, kuanzia la kuingia mpaka la kutoka, yamejipanga kwa utaratibu mbele ya kadamnasi.

Mgeni rasmi alikuwa afisa kutoka mkoani, mtu wa bara, mpole, aliyependa kuonyesha kwamba anapenda watu. Alikuwa amesimama karibu na shuka, kipaza sauti mkononi.

"Sasa haya ni masomo ya lugha gani?" aliuliza akitabasamu. "Mbona si Kiingereza? Au ndiyo lugha yenu ya hapa? Mimi lazima nijifunze. Hebu nijaribu la kwanza."

Na akalisoma. Alilisoma vibaya, akilivuta mahali pasipovutwa, lakini alilisoma, kwa spika zote mbili. Kisha akasoma la pili.

Baadhi ya wanaume walicheka kwa jinsi alivyojikwaa. Wengine walikuwa wametazama chini. Lakini wanawake, Swaumu aliwaona wanawake. Hakuna aliyecheka. Mmoja aliyekuwa anajipepea kwa karatasi aliacha mkono hewani. Mwingine alivuta mtandio ukamfunika mdomo. Kimya kilipita kutoka safu hadi safu, kimya cha watu waliosikia jina la mama yao likitukanwa na hawajui ni nani wa kumpiga.

"Haya kijana," mgeni rasmi alimwambia Linus, "hebu tusikilize hili la kwanza linasemaje."

Linus alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, mkono kwenye kipanya. Hakubonyeza. Alikuwa amegeuka kuwaangalia wanawake, na Swaumu aliona uso wake ukibadilika. Linus alikuwa Mmakonde wa hapo hapo Nachingwea, amechezwa jando kama wenzake. Hakujua kilichomo, lakini alijua kimya cha namna ile kinamaanisha nini.

"Mzee, nafikiri kuna tatizo kidogo la mipangilio," alisema.

"Tatizo gani? Si linaonekana? Bonyeza tu." Na mgeni rasmi, kwa wema wake wote, akanyoosha mkono kukichukua kipanya.

Swaumu hakukumbuka baadaye alivyofika mbele. Kisanduku kilikuwa juu ya stuli kando ya meza, taa zake ndogo za kijani zikipepesa bila aibu, waya zake mbili zikielekea kwenye betri ya gari iliyokuwa sakafuni. Alizishika zote mbili akavuta. Cheche iliruka, mtu akapiga yowe, taa za kijani zikazimika. Kisha akakipindua kisanduku, akafungua kifuniko cha chini kwa kucha, akachomoa ile kadi nyembamba iliyobeba kila kitu, akaifumbata.

Mgeni rasmi hakuwahi kubonyeza, alikuwa ameshtuka, amerudisha mkono. Na kwa kuwa hakubonyeza, orodha ilibaki pale pale. Swaumu aliitazama. Alikuwa amesahau jambo ambalo Linus alimfundisha mwenyewe, kwamba ukurasa ukishafika kwenye kompyuta unakaa hata seva ikifa. Sauti alikuwa nazo kiganjani, lakini maneno yalikuwa bado ukutani, makubwa na ya bluu, na macho yote yaliyokuwa yakiyatazama sasa yalimtazama na yeye.

"Binti, ni nini hiki?" mgeni rasmi aliuliza. Wema ulikuwa umeanza kumwisha. "Wewe ni nani?"

Swaumu alizidi kuifumbata kadi.

"Nakuuliza. Umeharibu kifaa cha wafadhili mbele ya watu. Kwa nini?"

Alinyamaza. Machozi yalikuwa yanamtoka na kamasi pamoja, goti linavuja damu, na alikuwa anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake. Aliogopa huyu mkubwa, aliogopa kazi yake, aliogopa lile shuka, na zaidi ya vyote aliogopa mdomo wake mwenyewe, usije ukafunguka ukaeleza.

Kiti kilisogezwa nyuma. Mwanamke wa makamo alikuwa amesimama, rozari ikiwa imening'inia shingoni juu ya kitenge chake. Huyo alikuwa mwalimu Dorotea wa Ruponda, Mmakua, mama wa kanisani, ambaye Swaumu alikuwa hajawahi kuzungumza naye zaidi ya salamu. Hakuomba ruhusa. Alipita mbele ya meza, akaenda mpaka kwenye shuka, akasimama mbele yake, mgongo kwa ukuta. Mwanamke mwingine akainuka akamfuata. Kisha wa tatu, kisha safu nzima, vijana kwa wazee, Waislamu kwa Wakristo, hata wale wa mapishi waliingia na mikono yenye mafuta. Walisimama bega kwa bega, na yale maneno ya bluu yakavunjika juu ya mitandio na mabega na nyuso zao, herufi moja huku, nusu herufi kule, mpaka hapakuwa na mtu aliyeweza kusoma kitu.

Mgeni rasmi aliwatazama, akashusha kipaza sauti.

Linus akazima projekta.

"Kosa ni langu, mzee," alisema, macho yake yakiwa chini. "Niliielekeza seva kusiko. Masomo yenyewe nakala zipo Ruangwa, wiki ijayo nitakitengeneza upya. Wageni, chakula kiko tayari."

Mambo ya wanaume yalimalizikia kwenye pilau. Dorotea alimshika Swaumu mkono, akamtoa kwa mlango wa nyuma, akamkalisha chini karibu na majiko na kumwosha goti.

"Somo wako nani?" aliuliza.

"Bi Mwamini wa Mbekenyera."

"Anajua?"

"Hajui." Swaumu alimshika Dorotea kitenge. "Mama, mimi siwezi kwenda kumwambia. Siwezi."

"Hutamwambia wewe. Toka lini mwali aliyemkosea somo wake akajisemea mwenyewe? Kesho nitakuja Ruangwa, tutakwenda wote. Na hicho ulichofumbata kifunge kwenye pindo la kanga, mkono wako unavuja jasho."

Ndivyo walivyokwenda. Ile asubuhi, njia ya Mbekenyera ilikuwa nzuri, ufuta umeshavunwa na mabua yamekauka, watu wakiwasalimia kila walipopita, na Swaumu hakuona chochote cha kumfurahisha. Jana alikuwa ameogopa kwa mbio. Leo aliogopa kwa hatua za polepole, na hiyo ni mbaya zaidi. Alikuwa amejiandaa kusikia maneno mawili tu, mimi na wewe basi.

Bi Mwamini aliwakaribisha nyuma ya nyumba, kwenye mkeka. Swaumu alikaa chini, miguu ameinyoosha, uso ameuinamisha, kama siku ile alipokuwa mwali. Dorotea akaeleza yote, kuanzia neno lililoeleweka vibaya mpaka shuka. Hakupunguza wala hakuongeza.

"Nani amesikia?" Bi Mwamini aliuliza. Sauti yake ilikuwa mkwaruzo mtupu.

"Hakuna aliyesikia. Mwanaume mmoja alisoma maneno mawili. Mtu wa bara, hakujua anachosoma."

"Alisomaje?"

Dorotea aliangalia huku na huku kuhakikisha hapana mtu, akaliigiza lile neno la kwanza kama mgeni rasmi alivyolisoma, na mvuto wake wote mahali pasipotakiwa. Bi Mwamini akaziba mdomo kwa kanga. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka wakampa maji, akacheka tena na maji mdomoni. Swaumu hakuthubutu kuinua uso.

"Na huyu, walipomuuliza, alisema nini?"

"Hakusema kitu. Aliulizwa mbele ya watu wote, analia, na hakusema kitu."

"Leta hicho kidude."

Swaumu alifungua pindo la kanga akaitoa kadi. Bi Mwamini aliiweka kiganjani, nyepesi, ndogo kuliko biskuti, akaigeuza upande huu na ule.

"Mimi nimo humu? Wote?"

"Umo, somo. Tangu kuingia mpaka kutoka."

"Nakala?"

"Hakuna. Ni hiyo tu."

Bikizee akakivuta kinu kilichokuwa kando ya mlango, akaitumbukiza kadi ndani, akamnyooshea Swaumu mchi.

"Twanga."

"Somo!" Swaumu aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Hakuna nyingine! Na koo lako..."

"Koo langu nalijua kuliko wewe. Twanga."

Alitwanga. Pigo la kwanza kadi iliruka tu, la pili ikapasuka, na baada ya hapo alitwanga akilia, mpaka kinuni hapakuwa na kitu kinachoweza kuitwa kadi. Dorotea alikuwa amegeuza uso pembeni.

Bi Mwamini akamshika mkono, ule ule aliomshika miaka yote ile iliyopita, na kiganja chake kilikuwa kikavu na chenye nguvu.

"Sitakuachia mkono," alisema. "Lakini kidude hakijui nani amechezwa na nani hajachezwa, anayekiuliza kinamjibu. Wewe jana uliulizwa na mkubwa wa mkoa ukanyamaza. Basi nitaziweka kwako. Njoo Ijumaa, njoo kila Ijumaa mpaka Desemba. Mikono mitupu. Haya, sogea, tuanze na ya kuingia."

Swaumu alisogeza sikio mpaka karibu na mdomo wa somo wake, maana sauti ilikuwa imebaki nyembamba sana, na alipoteza neno moja katika kila mstari. Aliomba arudie. Bi Mwamini akarudia, dhaifu zaidi ya mwanzo.

Kurudi Ruangwa jioni ile hakuzungumza na Dorotea. Alikuwa anaurudia wimbo kimoyomoyo, hatua kwa hatua, na alipofika katikati, pale bibi alipokohoa, hakukumbuka kinachofuata. Akasimama njiani. Hofu ya kusikiwa ilikuwa imemtoka, na sasa alikuwa anaogopa kusahau.